Mtoto akija na nyoka kwenye ndoo

Ni jioni ya Novemba. Mvua imekatika, matone bado yanadondoka kwenye majani ya migomba, na mtoto wa darasa la tatu anaingia uani na ndoo ndogo aliyoifunika kwa jani. Anamwita mama yake kwa furaha. Ndani ya ndoo kuna nyoka mwembamba wa rangi ya kahawia, mrefu kama rula ya shuleni, amejikunja pembeni.

"Mama, nimemkuta kwenye nyasi za kibanja. Nataka kumfuga. Kwenye simu nimeona watoto wa Wazungu wanafuga."

Mama anapiga yowe. Jirani anafika na panga. Katika purukushani hiyo ndoo inapinduka, nyoka anatokomea kwenye rundo la kuni nyuma ya jiko, na usiku huo hakuna anayelala vizuri. Wiki moja baadaye mama anavuta kuni na kukuta gamba jeupe, jembamba kama nailoni, limenasa kwenye magome.

Tukio la aina hii linaweza kumpata mzazi yeyote wa Izimbya, Wilaya ya Bukoba mkoani Kagera, au wa kijiji kingine chochote ambako nyumba imezungukwa na migomba na kahawa. Maswali anayobaki nayo ni yale yale. Nyoka huyu anataka nini hapa? Gamba hili lina maana gani? Mtoto anayetaka kufuga ajibiwe vipi? Na nyoka akiuma, mtu aanzie wapi?

Jibu la swali la kwanza ndilo linalofungua mengine yote. Nyoka hamfuati mtu. Anafuata joto, unyevu na chakula. Mzazi akivielewa vitu hivyo vitatu, atajua pia namna ya kumfanya nyoka asipende kukaa karibu na watoto.

NYOKA WA KWENYE SIMU

Mtoto hakusema uongo. Marekani, Kanada na Ulaya zipo familia zinazofuga nyoka ndani ya nyumba kama wengine wanavyofuga paka. Anayependwa na wengi wanaoanza anaitwa garter, nyoka mdogo wa Amerika Kaskazini mwenye mistari mirefu inayoteremka mgongoni. Wengi hawazidi mita moja. Hula minyoo, samaki wadogo na vyura, na huzaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Mate yake yana sumu hafifu ambayo kwa kawaida haimdhuru binadamu. Porini Afrika hayupo.

Mfugaji humwekea sanduku la kioo lenye mfuniko unaofungwa vizuri, kwa sababu nyoka mwembamba hupita hata kwenye upenyo wa kidole. Kisha huanza kazi kubwa zaidi, ya kupanga joto.

Upande mmoja wa sanduku huwekwa taa au pedi ya umeme, joto likae kati ya nyuzi 27 na 30 hivi. Upande wa pili huachwa na ubaridi wa nyuzi 21 hadi 24. Nyoka hatengenezi joto la mwili wake kama sisi, hulitafuta nje. Akishiba hukaa upande wa joto ili chakula kisagike. Akizidiwa na joto huhamia kwenye ubaridi. Akikosa joto, chakula hukwama tumboni na anaweza kukitapika.

Baada ya joto unakuja unyevu. Mfugaji humwekea bakuli la maji na kikopo chenye tundu, ndani kuna majani au karatasi zilizolowanishwa. Hapo ndipo nyoka hujificha anapokaribia kujivua gamba.

KUJIVUA GAMBA

Watanzania wengi walilisikia neno hili kwenye siasa za mwaka 2011, lakini wachache wameona nyoka mwenyewe akilifanya.

Ngozi ya juu ya nyoka hainyumbuki kufuata mwili unaokua, na pia huchakaa. Kwa hiyo chini yake hujengeka ngozi mpya, na kati ya hizo mbili hupita majimaji. Nyoka hufifia rangi na macho yake huwa na ukungu wa bluu kama macho ya mzee mwenye mtoto wa jicho. Siku hizo haoni vizuri, hujificha, hakubali kula, na akiguswa huwa mwepesi kushtuka na kuuma.

Siku chache baadaye macho hung'aa tena. Ndipo nyoka anaposugua midomo kwenye kitu kikavu na kikwaruzi, kama jiwe, gome la mti au ukingo wa tofali. Ngozi hupasuka mdomoni, naye hutambaa akijitoa huku ikigeuka nje ndani kama soksi inayovuliwa mguuni. Gamba zima huwa na kila kitu, hata vifuniko viwili vidogo vya macho, maana nyoka hana kope.

Hewa ikiwa kavu mno, gamba hutoka vipande vipande. Linaweza kung'ang'ania kwenye mkia au machoni na kumletea madhara. Ndiyo maana mfugaji hupima unyevu kila siku, na ndiyo maana nyoka wa porini anayekaribia kujivua hutafuta mahali penye unyevunyevu.

Nyoka mchanga anayekua haraka anaweza kujivua kila baada ya wiki kadhaa. Mkubwa hujivua mara chache kwa mwaka.

KIBANJA KINATOA BURE

Sasa mzazi arudi nyumbani na aangalie uwanja wake kwa macho ya nyoka.

Mwambao wa Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, kiwango kikubwa kwa Tanzania. Hata kwenye vijiji vya bara kama Izimbya, kivuli cha migomba hushikilia unyevu mchana kutwa. Mchana joto la Bukoba huwa karibu na nyuzi 26, na usiku hushuka hadi kama 16. Huo ni usiku wa baridi kwa kiumbe asiye na joto lake.

Chini ya migomba kuna matandazo: nyasi zilizokatwa rweya, majani makavu na vipande vya migomba iliyovunwa. Mkulima anajua kwamba matandazo hutunza rutuba na maji ya ardhini. Nyoka anajua kwamba chini yake kuna unyevu, vyura na panya.

Pembeni ya nyumba kuna jiko la nje. Mafiga hubaki na joto hadi usiku wa manane. Kuni zimepangwa ukutani, kuku wanalala ndani, na kwenye kona kuna gunia la maharage au mahindi ambalo panya wamelijua kabla ya nyoka kulijua.

Nyumba nyingine za Kagera zina nyufa zilizoachwa na tetemeko la ardhi la Septemba 10, 2016. Nyufa zilizozibwa kwa udongo hufunguka tena msimu wa mvua. Panya hupita hapo, na anayemfuata panya hupita hapo hapo.

Kile ambacho mfugaji wa Marekani hukinunua dukani kwa fedha nyingi, yaani pedi ya joto, kikopo chenye unyevu, bakuli la maji na chakula, kibanja na jiko la nje vinakitoa bure. Nyoka hakutumwa na mtu. Amepata makazi.

GAMBA LINASEMA NINI

Katika vijiji vingi gamba likikutwa ndani ya nyumba, mazungumzo ya kwanza huwa ya uchawi na jirani mbaya. Watu hununiana kwa miezi kwa sababu ya kipande cha ngozi kavu.

Gamba linasema mambo machache tu, na yote ni ya kawaida. Linasema nyoka alipita hapo, alipata sehemu yenye unyevu na ya kujisugua, na huenda kuna chakula karibu. Halisemi kwamba bado yupo, wala kwamba ameondoka. Mzazi achukulie kwamba yupo mpaka atakapomaliza kupasafisha.

Urefu wake pia hudanganya. Ngozi hunyooka inapovuliwa, hivyo gamba huwa refu kuliko nyoka mwenyewe. Gamba la mita moja na nusu si lazima liwe la nyoka wa mita moja na nusu.

Je, lina sumu? Hapana. Sumu ya nyoka hutengenezwa kwenye tezi za kichwani na hupita kwenye meno. Ngozi iliyovuliwa haina sumu.

Hata hivyo mtoto asilichezee. Nyoka, kenge, mijusi na kobe hubeba mara nyingi bakteria wa salmonela tumboni mwao bila kuugua, na wadudu hao huweza kubaki kwenye ngozi, kinyesi na maji waliyopitia. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano salmonela inaweza kuleta kuhara, homa na upungufu wa maji mwilini. Kwa mtoto mchanga inaweza kuingia hadi kwenye damu. Marekani, ambako watu hufuga wanyama hawa, ushauri wa kiafya ni kwamba watoto wa umri huo wasiwaguse kabisa.

Kwa hiyo gamba liokotwe na mtu mzima kwa kijiti au mfuko wa plastiki, lichomwe au lifukiwe, kisha mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Panapoandaliwa chakula paoshwe pia.

KWA NINI MTOTO ASIFUGE

Mtoto anapouliza "kwa nini wao wafuge mimi nisifuge?" anastahili jibu la kweli, si kofi.

Sababu ya kwanza ni kwamba nyoka wa kwenye simu anajulikana ni aina gani. Wa kwenye ndoo hajulikani. Katika vibanja wapo nyoka wengi wasio na sumu, na baadhi ni msaada mkubwa. Nyoka wa nyumba wa kahawia, kwa mfano, hana sumu na hula panya usiku kucha. Lakini katika ukanda huu wa Ziwa wapo pia kifutu, swila anayetema sumu na aina nyingine za hatari. Nyoka mdogo wa kahawia anaweza kuwa yeyote kati yao.

Udogo si usalama. Nyoka mwenye sumu huzaliwa nayo. Kifutu huzaa watoto hai, mara nyingi 20 hadi 40 kwa mkupuo, na kila mmoja anaweza kuuma siku hiyo hiyo aliyozaliwa.

Sababu ya pili ni salmonela iliyokwishaelezwa. Ya tatu ni sheria. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mnyamapori hafugwi nyumbani bila kibali cha mamlaka.

Sababu ya nne ni ya nyoka mwenyewe. Ndani ya ndoo hana upande wa joto wala wa baridi, hana mahali pa kujisugua, na maji yakikauka gamba litamng'ang'ania. Mtoto anayependa wanyama huielewa sababu hii haraka kuliko zote.

Udadisi wake usiuawe. Katika Meserani, nje kidogo ya jiji la Arusha kwenye barabara ya kwenda Dodoma, kuna bustani ya nyoka ambako wageni huwaona nyuma ya vioo, wakitunzwa na watu wanaoijua kazi hiyo. Hapo pia pamekuwa na kliniki inayowatibu wanakijiji walioumwa. Watamu, pwani ya Kenya, kipo kituo cha Bio-Ken kilichoanzishwa mwaka 1980, kinachofuga nyoka wa Afrika Mashariki na kufundisha kuhusu kuumwa. Wasukuma wa ng'ambo ya Ziwa nao wana Bayeye, chama cha jadi cha wacheza ngoma na nyoka, wanaojifunza kuwashika kwa miaka mingi. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayeanza na ndoo na jani la mgomba.

Mtoto apewe kanuni moja fupi ya kukariri: nikimwona nyoka nasimama, narudi nyuma polepole, namwita mtu mzima. Sishiki, sirushi mawe, sichokozi kwa kijiti, hata akionekana amekufa. Nyoka aliyekatwa kichwa bado anaweza kuuma kwa muda.

KUMVUNJIA MAKAZI

Kumwinda nyoka kwenye kila shimo ni kazi isiyoisha na ni hatari. Watu wengi huumwa wakijaribu kumuua. Kazi yenye faida ni kuondoa vile vitu vitatu karibu na mlango.

Chakula kwanza. Nafaka iwekwe kwenye ndoo au pipa lenye mfuniko, si kwenye gunia sakafuni. Makombo yafagiliwe kabla ya kulala. Kuku wahamishiwe banda lao, maana nyoka hufuata mayai, vifaranga na panya wanaokula pumba. Panya wakipungua, nyoka hana sababu ya kukaa.

Kisha unyevu na maficho. Matandazo yaachwe kibanjani, lakini yasifike ukutani. Hatua tatu au nne za uwanja uliofagiliwa kuzunguka nyumba zinatosha kumfanya nyoka aonekane kabla hajafika mlangoni, naye hapendi kuonekana. Kuni ziinuliwe juu ya kichanja na zikae mbali na ukuta. Matofali yaliyobaki, mabati chakavu na magogo yasirundikwe watoto wanapochezea.

Mwisho ni njia ya kuingilia. Nyufa zizibwe kwa saruji au kwa udongo uliokandwa vizuri, na zikaguliwe kila mvua zinapoanza. Upenyo chini ya mlango uzibwe kwa ubao au kipande cha mpira wa tairi. Matawi yanayogusa paa yakatwe.

Kitanda nacho ni kinga. Swila huingia usiku akitafuta panya, na watu wanaolala sakafuni wameumwa wanapogeuka na kumlalia. Mtoto alale kitandani, ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro pande zote. Chandarua kile kile cha malaria hufanya kazi mbili.

Wapo wanaomwaga mafuta ya taa, chumvi au unga wa salfa kuzunguka nyumba. Hakuna uthibitisho wa kutosha kwamba vitu hivi humzuia nyoka. Mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda ili "yatumike kwa nyoka" yanaweza kumuua mtoto atakayeyanywa akidhani ni maji. Hatari hiyo ni kubwa kuliko ya nyoka mwenyewe.

MSIMU WA SENENE

Novemba na Desemba ni miezi ya kusubiriwa Kagera. Senene wanashuka, watoto wanatoka alfajiri na chupa mkononi, wengine usiku karibu na taa. Mikono midogo inaingia kwenye nyasi ndefu zenye umande.

Ni miezi hiyo hiyo ya mvua ambayo vyura ni wengi na nyoka hutembea. Kifutu hana tabia ya kukimbia akisikia hatua. Hulala tuli akitegemea rangi yake inayofanana na majani makavu, hadi mtu amkanyage.

Si lazima mtoto anyimwe senene. Avae gambuti au viatu vilivyofunika kifundo cha mguu. Awe na tochi kungali giza. Apige nyasi kwa fimbo ndefu mbele yake kabla ya kuingiza mkono. Asiende peke yake. Na viatu vilivyolala nje vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

AKIUMWA, SAA INAHESABU

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani. Kati yao milioni 1.8 hadi 2.7 huingiwa na sumu, na 81,000 hadi 138,000 hufariki. Wanaobaki na kiungo kilichokatwa au ulemavu mwingine wa kudumu ni mara tatu ya hao. Mwaka 2017 shirika hilo liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika.

Hesabu hizo zinaeleza jambo ambalo limewachanganya wazazi kwa miaka mingi. Nusu ya walioumwa, au zaidi, hawakuingiwa na sumu, kwa sababu nyoka hakuwa na sumu au aliuma bila kuitoa. Hao wangepona hata wasipofanyiwa kitu. Wakibandikwa jiwe jeusi au majani, sifa huenda kwa jiwe. Siku anapoumwa mtoto aliyeingiwa na sumu kweli, familia hulisubiri jiwe lifanye kazi huku muda ukipotea.

Mtoto yuko kwenye hatari zaidi. Nyoka hapimi dozi kulingana na umri, na sumu ile ile inaingia kwenye mwili mdogo.

Mambo ya kufanya ni machache:

Mwondoe mtoto karibu na nyoka na umtulize. Akikimbia na kulia, sumu husambaa haraka.

Vua pete, bangili, shanga, soksi na viatu kabla ya uvimbe kuanza.

Zuia kiungo kilichoumwa kisitikisike, kama unavyofunga mkono uliovunjika, kwa ubao na kitambaa kisichobana.

Mbebe, asitembee. Akipanda bodaboda, akae katikati ya dereva na mtu mzima anayemshikilia.

Angalia saa na ukumbuke aliumwa saa ngapi. Mhudumu atauliza.

Akitapika au kulegea, mlaze kwa ubavu wa kushoto.

Na haya yasifanyike kabisa: kuchanja kwa wembe, kunyonya kidonda, kukaza kamba au mpira juu ya jeraha, kupaka mafuta ya taa, kumnywesha dawa za mitishamba au pombe. Kamba iliyokazwa imewafanya watu wakatwe viungo ambavyo sumu peke yake isingeviharibu. Usimtafute nyoka ili umpeleke hospitali. Kama kuna picha iliyopigwa kwa mbali bila hatari, inatosha.

Swila akitema sumu machoni, osha jicho mara moja kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 hadi 20, mtoto akifumbuafumbua. Asisugue. Kisha apelekwe hospitali, kwa sababu sumu inaweza kukwaruza kioo cha jicho na kuacha upofu.

Hospitalini mzazi asishangae kuona damu ikiwekwa kwenye chupa safi ya kioo na kuachwa ikae dakika 20 bila kuguswa. Hicho ni kipimo rahisi cha kuangalia kama damu inaganda. Isipoganda, sumu imeingia. Mhudumu ataangalia pia kope zinazolegea, mate yanayomshinda kumeza, pumzi, na damu kwenye fizi.

Dawa ya sumu ya nyoka hutolewa kwa dripu chini ya uangalizi, kwa kuwa inaweza kuleta mzio mkali. Mtoto hupewa dozi sawa na ya mtu mzima. Mzazi asiogope akiona hivyo, maana dawa hupimwa kwa sumu iliyoingia, si kwa uzito wa mgonjwa.

Si kila kituo cha afya kina dawa hiyo, na kutoka Izimbya hadi Bukoba mjini, iliko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, si safari ya kuanza kuulizia njia usiku. Swali liulizwe leo, mtoto akiwa mzima: kituo chetu cha karibu kina dawa ya sumu ya nyoka? Kama hakina, kinapeleka wagonjwa wapi? Namba ya dereva anayekubali kuamshwa usiku iandikwe ukutani kwa mkaa na ihifadhiwe kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumba hiyo. Nauli ya dharura itengwe, hata kama ni ya debe moja la maharage.

NDOO IMERUDI KISIMANI

Kwa mama aliyekuta gamba kwenye kuni, kazi ya Jumamosi inajulikana. Kuni zitolewe moja moja kwa fimbo ndefu, mtu mzima akiwa na gambuti, watoto wakiwa mbali. Kichanja kijengwe. Gunia la maharage liingie kwenye pipa. Nyasi zisogezwe mbali na ukuta, ufa wa nyuma ya jiko uzibwe.

Yule wa darasa la tatu naye apewe kazi. Yeye ndiye mkaguzi: kila jioni azunguke uwanjani na tochi akiwa na baba au dada mkubwa, aone kama kuna nyasi zimerudi ukutani, kama pipa limefunikwa, kama chandarua cha mdogo wake kimechomekwa. Mtoto anayejua kwa nini nyoka anapenda joto na unyevu atayaona maficho ambayo mtu mzima ameyazoea hata hayaoni tena.

Na akimwona nyoka mwingine, atajua la kufanya: kusimama, kurudi nyuma, kumwita mama. Ndoo ibaki ya kutekea maji.